Mutura Mbele, Mbavu Nyuma

Nekesa ndiye aliyeniambia niandike. Alisema, "Baba Shiru, hizi hadithi zako zote ziweke kwa karatasi, watu watazisoma wakiwa kwao. Ukizisema hapa, nyama inaungua." Nimeishukuru heshima hiyo. Nimekuwa mchomaji mkubwa wa nguruwe upande huu wote wa Ngong Road, na sioni aibu kusema mkubwa, kwa sababu nikingoja mtu mwingine aseme nitangoja sana. Na baada ya yote hayo nimepewa kalamu ili nitoke jikoni.

Basi hii ni yenu, nyinyi mnaoshika koleo sasa pale kwetu Jamhuri. Sitasema nilianza na nini mfukoni na nikamaliza na nini, maana mkitaka kujua hayo mtaniangalia viatu. Nitasema kazi. Na mwisho nitafika kwa ile Jumamosi ya Mountain View, siku Nekesa alipochoma mbavu za Mama Imani bila mimi. Mnajua ile kazi ilivyo, sherehe yake ya kila mwaka. Mama Imani akifurahi, majirani zake wanatuita mwaka mzima, huyu ana mahafali, yule ana mgeni kutoka nje. Akinuna, tunabaki kuuza nusu kilo kwa watu wanaoshuka steji wakiwa na haraka. Na alikuwa amesema waziwazi mbele yangu: "Huyu Nekesa namjaribu mara moja tu. Ikiharibika, mwaka ujao naita watu wa hoteli."

Mimi nilikuwepo siku hiyo kama mgeni. Katika kazi zote nilizofanya, hiyo ya kuwa mgeni ndiyo ilinitoa jasho.

Nilizaliwa Mutuini, wakati Mutuini bado ilikuwa kahawa na ng'ombe na majirani wanaojuana hata kwa kukohoa. Shule niliiacha darasa la sita. Watu husema ilinishinda. Ukweli ni kwamba tulishindana, na hakuna aliyepata kombe. Kazi ya kwanza niliipata Kangemi, kwa bucha ya Mzee Gatheru, mtu mfupi mwenye vidole visivyosikia moto. Nilifika asubuhi nikiwa nimejinolea kisu changu mwenyewe, nikidhani nitaanza na mguu wa mbuzi. Akakichukua kile kisu, akakiangalia, akakiweka juu ya friji, akanipa kipande cha katoni.

"Hii ni ya nini, Mzee?"

"Ya kupepea makaa. Kisu utakiona ukijua kupepea."

Nikapepea kama mtu aliyeajiriwa na upepo. Nilipepea mpaka majivu yakaingia kwa chai ya wateja. Gatheru hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba moto una hasira zake, na kazi ya mchomaji ni kujua wakati wa kuuacha peke yake. Nilimwambia nimeelewa. Nilielewa baadaye, kama miaka kumi hivi.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha Gatheru hakikuwa moto, kilikuwa watu. Hapa Nairobi mwanamume hawezi kuona nyama iko kwa moto akakaa chini kama mtu aliye kwa hospitali. Anaichagua ikiwa imening'inia, anaifuata mpaka kwa jiko, anasimama hapo na mikono nyuma. Baada ya muda anauliza, "Bado?" Halafu anachukua koleo, anageuza kitu kilichogeuzwa sasa hivi, anasema "hapa kwa mfupa bado bado," anarudi kwa kiti. Akishakaa, anahisi amepika. Gatheru alisema mtu wa namna hiyo usimkatalie, mkatie kipande aonje. Mteja ambaye hajaonja anafikiri unamficha kitu. Kwa hivyo tulikuwa tunakata, wanaonja, tunakata, wanaonja, na nyama ikifika kwa meza ni ile iliyobaki baada ya ukaguzi.

Niliingia kwa nguruwe kwa sababu kwa mbuzi kulikuwa na foleni. Kila mtu mzima wa huku kwetu anajua mbuzi kuliko wewe, na atakuambia. Nguruwe hakuwa na wenyewe. Watu walimtaka lakini walimwagiza kwa sauti ya chini, na wazee wa kanisa walikuja wakisema wametumwa. Nikafungua mahali pangu Jamhuri, mabati matano na jiko moja, karibu na uwanja wa maonyesho. Hapo ndipo Nekesa alinipata. Alikuwa ametoka Bungoma, anauza kachumbari na ugali kwa ndoo mbili kando ya barabara, mwanamke wa maneno machache na kisu kikali. Nikamwambia aingie ndani auzie wateja wangu. Kila kitu anachojua kuhusu nyama nilimfundisha mimi, isipokuwa yale alikuja nayo na yale aliyojifunza akiniangalia nikikosea.

Sasa Mama Imani. Alikuwa ameishi ng'ambo miaka mingi, akarudi akajenga Mountain View, nyumba yenye uwanja mzuri wa nyuma, nyasi, tangi la maji, ukuta. Alirudi na mizigo na hamu moja. Alikuja Jamhuri na gari safi, akasimama pale kwa moshi akiwa ameshika mkoba kifuani.

"Wewe ndiye Injinia?"

"Ndiye mimi." Hilo jina nilipewa na wateja. Mtu akikuita Injinia na hujamaliza darasa la saba, huulizi maswali.

"Unaweza mbavu za moshi? Si za kuchoma. Za moshi. Tamu na chumvi pamoja, zimekaa kwa moto mdogo mpaka nyama inaachia mfupa ukiivuta, lakini haianguki yenyewe."

Nikasema ndiyo, hiyo tunafanya. Nilikuwa sijawahi hata kuisikia. Lakini kusema ndiyo ndiyo ilikuwa sekondari yangu, na chuo kikuu pia. Alipoondoka, Nekesa aliacha kukata kitunguu.

"Tunafanya lini?"

"Kuanzia kesho," nikasema.

Nikatafuta pipa la chuma lililokuwa la mafuta ya kupikia, nikalikata upande, nikalitia mfuniko wenye bawaba na bomba fupi la kutoa moshi. Fundi fulani wa jua kali wa Gikomba angelitengeneza vizuri zaidi, lakini hangelitengeneza kwa majivuno kama yangu. Kulipata pipa ilikuwa rahisi. Kuni ndizo zilinionyesha dunia. Nilianza na mkaratusi, maana umejaa kila mahali, na mbavu zikatoka zikinuka kama kifua cha mtoto mwenye homa aliyepakwa dawa. Nikaenda kwa mti wa ua, ule saipresi wetu wa Mutuini. Nekesa akaonja, akatafuna polepole, akauliza, "Hii ni ya kula ama ya kuwekea nguo?" Ilikuwa na ladha ya kabati jipya.

Nilichokitafuta kilikuwa nyumbani. Wakati huo majirani wangu walikuwa wanang'oa kahawa wajenge nyumba za kupanga, na visiki vilikuwa vimetupwa kando ya barabara kama meno ya ng'ombe. Nikabeba kimoja, nikakikausha, nikakipasua. Moshi wa kisiki cha kahawa ni mtulivu. Hauna kelele, hauingii kwa nyama kwa nguvu, unakaa nayo. Nikapata pia matawi ya mpera, ambayo yanaongeza utamu. Kila nyumba ya kupanga iliyosimama Mutuini, mimi nilikula moshi wake. Mwishowe nikajenga zangu, na kahawa ya baba yangu ikaingia kwa pipa lile lile kama ya wengine. Ilikuwa nzuri zaidi, lakini hiyo huenda ni undugu.

Njia yenyewe mnaijua, lakini niiandike mara moja ili msiseme mlisikia vibaya. Nyuma ya mbavu kuna ngozi nyembamba kama karatasi. Itoe. Ishike na kitambaa kikavu maana kwa vidole inateleza, anza kona moja, ivute yote. Usipoitoa, viungo vinabaki mlangoni. Chumvi iingie jioni ya kuamkia siku hiyo. Asubuhi ndipo unapaka sukari nguru iliyosagwa, pilipili manga, kitunguu saumu kikavu na tangawizi kavu. Makaa yawe upande mmoja wa pipa, mbavu upande wa pili, na sufuria ya maji katikati iwatenganishe kama watoto waliopigana. Kisiki juu ya makaa, kipande kimoja baada ya kingine. Moshi mweupe mzito ni mbaya, unaacha uchungu. Subiri uwe mwembamba, wa bluu, ule ambao lazima uinamishe kichwa kuuona. Ukwaju, asali, nyanya na siki unachemsha kando, unapaka mwisho mwisho, kwa sababu sukari ikiona moto mapema inageuka lami. Na katikati ya hayo yote, masaa ya mchana mzima, unafunga mfuniko na kuuacha.

Hapo kwa kuuacha ndipo nilipatikana.

Mwaka wa kwanza Mountain View nilifika asubuhi, nikaliweka pipa langu katikati ya nyasi ambapo kila mtu angeliona. Nilitaka walione. Wageni wakaja, watu wa ukoo wa Mama Imani kutoka Vihiga, majirani, watu wa kanisa lao. Na akaja kaka yake mkubwa, Bwana Ambani, ambaye wote walimwita Meneja kwa sababu alikuwa amestaafu kutoka benki akiwa meneja wa tawi. Mtu mrefu, tumbo lenye cheo, sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Alisimama mbele ya pipa langu, akalizunguka.

"Injinia. Hii nyama iko wapi?"

"Iko ndani, Meneja."

"Siioni. Siisikii. Hata haichirizi. Una uhakika iko?"

"Iko, imefunikwa ili ishike moshi."

"Naangalia tu," akasema, na akafungua.

Moshi wote ukapanda mbinguni. Nikafunga. Akaja mwingine, naye akasema anaangalia tu. Mchungaji akaangalia tu. Shemeji mmoja alileta koleo lake kutoka nyumbani. Wengine walitaka kuonja, na niliposema bado haijafika kuonjwa, nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu anaficha." Kila mfuniko ukifunguka, joto linatoka, na ukilirudisha unaanza upya. Jua lilipokaribia kuzama, mbavu zangu zilikuwa na rangi nzuri nje na ndani zilikuwa zinataka kuendelea kuishi. Watu wakala mkate na kachumbari. Mama Imani alinijia akitabasamu lile tabasamu la watu walioishi ng'ambo, linalokuambia umeharibu bila kukuambia.

"Injinia, ulisema unajua."

"Mama, mimi najua. Ni wageni wako hawajui."

Alicheka, na hicho kicheko ndicho kilinipa mwaka wa pili. Na pia alikuwa ametafuna kona moja ndogo iliyokuwa imeiva, akaona ladha ndiyo ile.

Nilifikiri juu ya jambo hilo mwaka mzima. Mtu mwingine angeweka kufuli kwa mfuniko. Nekesa alipendekeza kamba. Mimi, kwa sababu sikuharibiwa na masomo, niliona kwamba shida haikuwa mfuniko. Shida ilikuwa mikono. Mwanamume amekuja kwa sherehe, ana mikono miwili, na hujampa moto. Ataenda kutafuta.

Mwaka wa pili pipa nikalificha nyuma ya tangi la maji. Mbele, karibu na viti, nikaweka jiko dogo la kawaida, na juu yake mutura. Kwa wale ambao hawajawahi kufika huku kwetu, mutura ni utumbo uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu na viungo, unachomwa polepole na kukatwa vipande kwa ubao. Hakuna mwanamume wa Nairobi, awe wa Dagoretti au wa Vihiga, anayeweza kuipita ikiwa kwa moto. Inalia, inanukia, inataka kugeuzwa, na inaonjwa wakati wowote. Halafu nikaenda kwa Meneja kabla hajamaliza hata kusalimia watu, nikamwinamia, nikashusha sauti.

"Meneja, nisaidie. Hii mutura imenishinda. Inataka mtu mwenye macho."

Nikampa koleo refu.

Hakuondoka hapo siku nzima. Alisimama na lile koleo kama mtu aliyekabidhiwa tawi jipya. Aliwaelekeza wengine wasimame wapi. Aliwakatia waonje, akawauliza maoni, akayakataa. Nami nyuma ya tangi nilikuwa na moshi wangu wa bluu na amani. Mbavu zilipotoka, Mama Imani alivuta mfupa ukatoka msafi, akafumba macho. Nikarudi kwa Meneja na sahani ya kwanza nikamwambia, "Meneja, asante sana. Bila wewe hatungeweza." Nilisema polepole, sauti ikishuka mwisho, kama mtu aliye kanisani. Akapokea sahani na kutikisa kichwa kwamba ni kweli.

Tangu mwaka huo ilikuwa ndiyo njia. Kila mahali nilipoitwa nilitafuta kwanza mwenye sauti kubwa, nikampa koleo na moto usio na maana. Siri hii sikumwambia mtu isipokuwa Nekesa. Nilimwita kando siku moja Jamhuri, nikamweleza kila kitu, hata sauti inavyoshuka mwisho. Alisikiliza akikata nyanya. Aliuliza swali moja tu.

"Na yeye hajui?"

Nikacheka sana. "Angejua, angekuwa ameshika koleo?"

Akaendelea na nyanya zake.

Miaka ikaenda hivyo, na ilienda vizuri, na mimi nilihakikisha kila mtu anajua ilienda vizuri. Halafu kifua kikaanza. Nilianza kuamka na kikohozi kinachotangulia miguu. Daktari akanipiga picha, akaiangalia kwa taa, akauliza navuta sigara kiasi gani.

"Sijawahi kuvuta sigara hata moja."

"Basi unavuta nini?"

"Nguruwe," nikasema.

Hakucheka. Akaniambia niachane na moshi kabisa, na si polepole. Nikiwa bado sijafika umri wa kuitwa mzee na watu wasio na haja na mimi, nikastaafu. Nyumba zangu za Mutuini zinatosha kunilisha. Pipa, koleo na mahali pa Jamhuri vikabaki kwa Nekesa. Na kwa kuwa sikuwa na kazi, nilikuwa nikienda pale karibu kila siku, kukaa tu, kusalimia tu, kuangalia tu.

Ile Jumamosi nilivaa koti la kanisani makusudi, ili nisishawishike kushika makaa. Binti yangu Shiru alinisimamisha mlangoni, akaninyoosha kola.

"Baba, leo usiguse hilo pipa."

"Nani amesema nitaligusa?"

"Ukiligusa hata mara moja, Mama Imani ataona Nekesa hawezi bila wewe. Atakuwa amemwondolea kazi na wewe ndiye umemsaidia kuiondoa."

"Shiru, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nakuambia."

Nilifika Mountain View mchana. Viti vilikuwa vimepangwa, watoto wanakimbia, Mama Imani anazunguka akiangalia kila kitu na kila mtu. Akanisalimia vizuri, akaniambia, "Injinia, leo kaa ule kama mgeni. Mimi namwangalia fundi wako." Nikakaa. Nilikaa vizuri sana, kama dakika kadhaa. Halafu nikaona moshi.

Ulikuwa unatoka nyuma ya tangi. Mweupe. Mzito. Unapanda kama wa gari moshi. Nikajua Nekesa amerundika kuni mbichi, mbavu zitatoka chungu, Mama Imani ataonja na watu wa hoteli watapigiwa simu hapo hapo kwa nyasi. Maneno ya Shiru niliyakumbuka, lakini niliyakumbuka nikiwa tayari nimesimama. Nikajiambia siendi kugusa. Naenda kuangalia tu.

Sijafika kwa tangi Nekesa akatokea mbele yangu, aproni safi, jasho kidogo juu ya mdomo.

"Baba Shiru! Umekuja! Mungu ni mwema."

"Nekesa, moshi wako ni mweupe."

"Nitauangalia sasa hivi. Lakini afadhali umekuja, nilikuwa natafuta mtu." Akanishika mkono wa koti, akanigeuza taratibu bila mimi kujua nimegeuzwa. "Hii mutura imeniletea shida, bana. Imejazwa vibaya, inataka kupasuka, na hawa wote wanaisumbua tu. Inataka mtu mwenye macho. Nishikie kidogo, nimalize kachumbari."

Nikaiangalia mutura. Kwa kweli ilikuwa imejazwa vibaya. Mtu yeyote angeona. Nikavua koti.

Sitaficha kwamba niliifanya vizuri. Niliitoboa kwa ncha ya kijiti pale ilipovimba, nikaisogeza pembeni ya moto, nikaipinda ili upande mnene upate joto kwanza. Wanaume wakakusanyika. Mmoja akauliza, "Injinia, si ungeiweka katikati?" Nikamweleza kwa nini sivyo. Mwingine akauliza juu ya damu, nikamweleza juu ya damu. Nikawaambia juu ya Gatheru na katoni. Nikawakatia waonje, nikauliza maoni yao, nikayarekebisha. Pembeni, kwa kiti cha plastiki, alikuwa amekaa Meneja mwenyewe, amezeeka, kijiti cha meno mdomoni, haongei. Nilishangaa amekaa. Nilimuuliza mbona leo hashiki koleo.

"Leo nimepumzishwa," akasema, na akatabasamu kwa kijiti chake.

Sijui niliongea muda gani. Ninachojua ni kwamba nilikuwa katikati ya habari ya saipresi na kabati jipya, watu wanacheka, nikasikia kimya upande wa pili wa nyasi. Nikainua kichwa. Nekesa alikuwa ametoka nyuma ya tangi na sinia kubwa. Mbavu zilikuwa nyekundu nyeusi, zinang'aa, ukwaju umeshika kingo zake. Mama Imani akachukua moja, akashika mfupa. Hakuvuta kwa nguvu. Nyama ikaachia, mfupa ukabaki msafi kama umeoshwa. Akatafuna. Watu wote walikuwa wanamwangalia mdomo.

"Nekesa," akasema, "mwaka ujao tufanye mapema kidogo, kabla watu hawajasafiri. Na dada yangu wa Jamhuri anakutaka kwa Pasaka."

Nekesa akasema, "Sawa, Mama," kana kwamba ameulizwa kama maji yapo. Lakini niliona analishika lile sinia kwa mikono yote miwili, na hakuwa analishika kwa sababu ya uzito.

Nikataka kwenda. Nilikuwa mwalimu wake, ilikuwa haki yangu kusimama hapo karibu na sinia na kupokea kidogo. Nikapiga hatua moja, nikaona kwamba nimeshika koleo. Nikaliangalia. Lilikuwa lile refu. Nikaangalia jiko dogo karibu na viti. Nikaangalia tangi, na nyuma yake, kando kabisa ya pipa, nikaona sufuria kubwa ya viazi kwa moto wake peke yake, na mvuke mweupe mzito unapanda kama wa gari moshi.

"Injinia," akasema Meneja kutoka kwa kiti chake, "geuza hapo, inaungua."

Nikageuza. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Meneja. Ulikuwa unajua?"

Akatoa kijiti mdomoni. "Rafiki yangu, nimekuwa meneja wa benki. Unafikiri sijui mtu anaponipa kazi ili nisiguse kitu? Mimi mwenyewe niliwapa watu wangapi kazi hiyo?"

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nina macho. Hakuna mtu amewahi kuniambia nina macho bila kutaka kitu." Akacheka mpaka kiti kikalia. "Siku ya kwanza nilikasirika kidogo. Halafu nikakuona wewe kule nyuma ya tangi, unakohoa, machozi yanatoka, umejificha na nguruwe kama mwizi. Na mimi niko hapa na kivuli, na mutura, na watu wa kunisikiliza. Nikajiuliza, kati yetu wawili ni nani amepewa kazi ya uongo?"

Nikaigeuza mutura tena, ingawa ilikuwa imegeuzwa sasa hivi.

"Vuta kiti," akasema. "Mwaka ujao tutapeana zamu. Lakini asubuhi ni yangu."

Hapo ndipo Nekesa akaja na sahani. Alikuwa ameniwekea zile za kona, zenye ukingo ulioshika sukari, kwa sababu anajua ndizo napenda. Akaniinamia kidogo.

"Baba Shiru, asante sana. Bila wewe hatungeweza." Na sauti ikashuka mwisho, vile vile kabisa.

Nilimwangalia usoni. Uso wake ulikuwa mtulivu kama moshi wa kahawa. Nikapokea sahani na kutikisa kichwa kwamba ni kweli.

Mbavu zilikuwa nzuri. Chumvi ilizidi kidogo, na ningemwambia, lakini mdomo ulikuwa umejaa, na ulipokuwa mtupu sahani nayo ilikuwa tupu. Nikavuta kiti karibu na Meneja. Kisha nikamwita Nekesa kabla hajafika mbali, nikamuuliza kama kumebaki mutura nyingine mahali, kwa sababu hii iliyo kwa moto ilikuwa imeiva na wageni bado walikuwa wengi.